Maveterani Mtwara waingie baharini, magoti bado yanaokoleka

Jumapili asubuhi Mtwara ni ya maveterani. Wanaume waliotundika daluga miaka 20 iliyopita wanavaa jezi zinazobana vitambi, wanapasha misuli dakika tatu, halafu wanaanza kukimbizana kwenye uwanja mgumu kama sakafu. Saa nne mechi imeisha. Saa tano wapo kwenye supu: mmoja kafunga goti bandeji, mwingine anajichua kiuno, wa tatu hayupo kabisa kwa sababu aliumia wiki mbili zilizopita na hajaonekana tena. Mwendo mfupi wa bodaboda kutoka hapo kuna Bahari ya Hindi, na ndani yake wamo watoto tu.

Hali hiyo ibadilike. Bonanza za maveterani wa Mtwara mjini, Mikindani, Msangamkuu na vijiji vya pwani hadi Msimbati ziwe na kipindi cha majini kila wiki, kikiwa na ratiba na msimamizi kama ilivyo mechi yenyewe. Hakuna anayezungumzia medali hapa. Yanayozungumzwa ni magoti, presha, na miaka ambayo mtu bado anataka kuishi akiwa anatembea mwenyewe.

Magoti kwanza, maana ndiyo kilio cha kila kijiwe cha wachezaji wa zamani. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wachezaji wa kulipwa wa zamani 1,207 na wanaume wa kawaida 4,085. Katika kila wachezaji 100, 52 walikuwa na maumivu ya goti. Kwa wanaume wa kawaida walikuwa 27. Na hao ni watu waliocheza kwenye nyasi zinazomwagiliwa, daktari wa timu akiwa pembeni na mkoba wake. Mchezaji wa Mtwara alianza pekupeku shule ya msingi, akapita kwenye ndondo, akachezea timu ya mtaa na timu ya kazini, na kila alipoumia alifungwa kitambaa akarudishwa amalizie dakika 90. Kinachoisha ndani ya goti lake ni gegedu, ile tishu inayoteleza na kuzuia mfupa usisagane na mfupa. Ikishaliwa hairudi.

Sasa maji yanafanya nini? Mtu akisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani inabeba kama theluthi. Yakifika shingoni ni sehemu ya kumi tu. Mzee wa kilo 80 anayekimbia Nangwanda Sijaona anatua na kilo zake zote, na zaidi, kwenye goti moja kila anapopiga hatua. Mzee huyo huyo akitembea kwenye maji ya shingo, miguu yake inabeba kilo nane. Wakati huo huo misuli ya paja, ambayo ndiyo beki wa goti, inatoka jasho kwelikweli kwa sababu maji ni mazito na yanazuia kila upande mguu unapokwenda. Ndiyo maana klabu kubwa duniani zinawapitisha majeruhi bwawani kabla ya kuwarudisha kwenye nyasi.

Kuna kikwazo kimoja kimejificha kwenye jina. Maumivu ya viungo kwa Kiswahili yanaitwa baridi yabisi, na wazee wengi wanalichukua jina lilivyo: baridi imeingia kwenye mifupa, kwa hiyo maji ni adui. Mzee anaumwa goti, anavaa sweta, anakaa barazani, hatembei. Wiki zinapita, paja linanywea, goti linazidi kulegea, maumivu yanaongezeka, na inayolaumiwa ni baridi tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya watu wa makamo na wazee ambao viungo vyao vimelika. Baadhi waliogelea, wengine waliendesha baiskeli, dakika 45 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya maumivu na ukakamavu wa viungo. Walioingia majini hawakurudi wakiwa wamepigwa na baridi.

Na bahari ya Mtwara si ya kuogopwa kwa baridi. Joto lake linacheza kati ya nyuzi 25 na 29. Kanuni za kimataifa za kuogelea zinataka bwawa la mashindano liwe na maji ya nyuzi 25 hadi 28. Yaani maji yale yale ambayo wenzao Ulaya wanayalipia umeme ili yapate joto, huku jua linayapasha bure tangu enzi na enzi.

Halafu kuna presha, na hapo hata mashabiki wasiocheza wanaingia kikosini. Ndanda FC ilikuwa Ligi Kuu tangu msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka 2019/20, na wana Kuchele waliokuwa wakijaza majukwaa miaka ile hawajawa vijana zaidi. Wengi sasa wanaifuatilia Ligi Kuu wakiwa kwenye kibanda umiza, wamekaa kwenye benchi la mbao saa mbili nzima, soda mkononi, wakibishana Simba na Yanga mpaka mishipa ya shingo inatokeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana presha ya juu. Weka hilo pamoja na dakika ya 90 ya dabi.

Si utani. Wakati wa Kombe la Dunia 2006, madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo katika eneo lao. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na walioumia zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Mpira wenyewe haukuwa na kosa. Moyo ulikuwa haujaandaliwa.

Kuogelea kunauandaa. Chuo hicho hicho cha Texas kilichapisha mwaka 2012 utafiti mwingine juu ya watu 43 wenye zaidi ya miaka 50 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliowekwa kwenye kundi la kuogelea walianza kidogokidogo wakafika dakika 45, mara tatu au nne kwa wiki, kwa wiki 12. Namba ya juu ya presha yao ilishuka kutoka wastani wa 131 hadi 122. Pointi tisa, bila kidonge kipya. Hata hivyo mtu asije akaacha dawa zake kwa sababu amesoma gazeti. Anayetumia dawa aendelee nazo, aogelee, na daktari ndiye ataamua kama dozi ipunguzwe.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mechi moja ya Jumapili, tena ya kutoka na kuingia, haifikii hata nusu. Siku mbili za majini za dakika 40 pamoja na mechi na kutembea kwenda sokoni, hesabu inakaribia kutimia.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana vijiweni: kuanguka. Kijana akianguka anasimama, anajifuta vumbi. Mzee wa miaka 75 akiteleza msalani anaweza kuvunjika nyonga na asitoke kitandani tena. Huko Sydney, Australia, watafiti waliwafuatilia wanaume 1,667 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Walipolinganisha aina za mazoezi, kuogelea ndiko pekee kulikokwenda pamoja na kuanguka kidogo, kwa theluthi moja hivi. Inawezekana waogeleaji walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo, utafiti wa namna hiyo hauondoi shaka zote. Lakini ukifikiria, inaeleweka: ndani ya maji mwili unatafuta mizani kila sekunde, kila wimbi linapopita.

Isieleweke kwamba soka ndilo linalopigwa vita hapa. Utafiti wa Denmark umeonyesha kuwa wanaume wa miaka zaidi ya 60 wanaocheza soka la timu ndogo mara mbili kwa wiki wanaimarika moyo na mifupa. Tena kwenye mifupa soka linaishinda bahari, kwa sababu mfupa unahitaji kubeba uzito ili uwe mgumu, na majini uzito haupo. Kwa hiyo mzee asiache kutembea nchi kavu. Kinachopaswa kuachwa ni dakika 90 za watu 11 kwa 11 kwenye kichanga kigumu na jua la saa nne, kwa mtu ambaye katikati ya wiki hakufanya zoezi lolote.

Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la lini na wapi, na pwani ya Mtwara ina majibu yake ambayo mzee yeyote wa Mikindani anayajua kuliko daktari. Bahari haifuati saa ya refa. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na kukauka kwenye saa nne. Mtu atakayepeleka timu ya wazee ufukweni saa nne asubuhi ya bamvua atakuta matope, mawe na kina mama wanatafuta pweza. Siku hizo ni za jioni, saa ile ile ambayo mechi nyingi hupigwa filimbi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji hujaa asubuhi kwenye saa nne, na hayavuti kwa nguvu kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hizo ndizo Jumapili za kuanzia. Ratiba ya majini ipangwe kwa mwezi, na kila timu ya maveterani haikosi mvuvi mmoja wa kuipanga.

Upepo nao uheshimiwe. Kusi likivuma, kuanzia kwenye Aprili hadi Septemba, upande wa bahari kuu huchafuka. Ghuba ya Mikindani imekingwa na nchi kavu na maji yake hutulia mapema asubuhi hata miezi hiyo. Shangani panafaa maji yakijaa. Yakitoka mawe yanajitokeza, na hapo yeboyebo miguuni ni lazima kwa kila mtu, hasa mwenye kisukari, ambaye kidonda kidogo cha mguu kwake si kidogo.

Msimbati ni habari nyingine. Mchanga wake ni mweupe na mrefu, uko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Watu wanapapenda kwa uzuri na wana haki. Lakini kuna sehemu ambazo kina kinashuka ghafla karibu na ufukwe na mkondo unapita kwa kasi. Mzee anayejifunza asianzie huko, na anayejua asiende mbali na kifua. Ama kwenye mdomo wa Ruvuma wenyewe, huko kwenye mikoko na maji ya tope, asiingie mtu kabisa. Mamba wapo na viboko wapo, na hawajali nani alichezea timu ya mkoa.

Hatari ya kuzama nayo si ya kupitwa haraka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Anayesema wazee waende baharini halafu akaishia hapo, anapeleka watu wakafe. Mambo ya chini kabisa ni haya: hakuna anayeingia peke yake, watu wanaingia wawiliwawili na kila mmoja anajua mwenzake ni nani. Maji ni ya kifuani, na mtu anaogelea sambamba na ufukwe, haendi upande wa kina. Anakuwepo kijana anayejua kuogelea vizuri, amesimama, haogelei, anahesabu vichwa. Kamba na boya vinakuwa mchangani. Aliyekunywa pombe usiku anabaki nchi kavu akishika nguo za wenzake.

Kwa wenye presha, matatizo ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, zahanati kwanza. Sababu ni kwamba maji yanabana miguu na tumbo na kusukuma damu kuelekea kifuani, moyo unapokea damu nyingi kwa mara moja. Moyo mzima unafurahia, moyo dhaifu unaweza kuzidiwa. Wakati wa kutoka ni kinyume, damu inarudi miguuni na mtu anaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo anatoka polepole, anakaa kidogo kwenye maji ya magoti, ndipo anasimama.

Vipi asiyejua kuogelea kabisa? Wengi watashangaa, lakini katika mji wa bahari wapo wengi, hasa waliohamia kutoka bara kufuata korosho, bandari na gesi. Hao waanze kwa kutembea. Maji ya kifuani, mbele hatua 20, nyuma hatua 20, ubavu 20, mikono ikisukuma maji. Dakika kumi siku ya kwanza zinatosha kumfanya mtu alale fofofo. Wiki zinazofuata anajifunza kuelea chali mwenzake akimshika mgongo. Kuelea chali ndiyo kila kitu: anayeweza kulala juu ya maji bila hofu ana nusu ya kuogelea mkononi.

Aibu nayo ipo, tusidanganyane. Mzee mzima, babu wa watu, aonekane anajirusha majini na watoto? Bahari imeachiwa wavuvi, watoto na watalii, na mtu mwenye heshima zake anaiangalia kutoka barabarani. Aibu hiyo inaondoka kwa jezi. Wazee 15 wakishuka Shangani pamoja na jezi za timu yao, si kichekesho tena, ni mazoezi. Hakuna aliyewahi kumcheka mzee wa miaka 58 anayekosa penalti kwenye bonanza, au wamemcheka lakini Jumapili iliyofuata alirudi.

Kina mama ndio wanaosahaulika zaidi. Waliocheza netiboli wakiwa wasichana wana magoti yale yale na presha ile ile, na bonanza nyingi huwaweka kwenye kupika. Wapewe saa yao na sehemu yao, waingie na mavazi yao ya stara. Huko Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zilizunguka dunia. Kilichowezekana Nungwi hakishindikani Mikindani.

Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania iliwakilishwa na waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, na nguvu ya mchezo huo nchini inaenda kwa vijana wa aina yao. Ni sawa, ndio wenye ushindani. Ila mabwawa mengi nchini yako kwenye hoteli na shule za kulipia, na mzee wa Chikongola hatafika huko. Kwake mlango ni ufukwe, na watu wanaoweza kuufungua ni watu wa mpira, kwa sababu ndio wenye timu za maveterani, viongozi, makundi ya WhatsApp na matawi yanayojaa kila wiki. MTWAREFA inaweza kuweka kipindi cha majini kuwa sehemu ya kila bonanza inayopewa kibali. Matawi ya Simba na Yanga, ambayo huchangishana nauli ya basi hadi Dar es Salaam kwa siku mbili, hayawezi kushindwa bei ya boya. Manispaa ya Mtwara Mikindani iweke alama ya sehemu salama na mhudumu wa afya mwenye kipimo cha presha asubuhi moja kwa mwezi. Kampuni zinazotoa jezi na mbuzi wa mshindi zinaweza, mwaka huu, kumpunguza mbuzi mmoja.

Gharama yenyewe ni ndogo: maboya manne, kamba ya mita 50, kijana mmoja wa kulinda aliyelipwa posho, na filimbi, ambayo refa wa bonanza tayari anayo shingoni. Mwezi ukifika nusu na Jumapili ikaangukia hapo, maji yatakuwa yamejaa kabla supu haijaiva.